Diski ya Nyuma, Kushoto

Halina amelala chali juu ya katoni,
gereji ya Buffalo, mwezi Machi,
theluji mlangoni imegeuka tope.
Kalipa ameitundika kwa waya wa kuanikia,
isije ikauning'inia mpira wake.
Pedi zimetoka. Bolti zimetoka.
Diski haitoki.

Amepiga nyundo mpaka paka akahama.
Amepuliza dawa ya kutu, akanywa chai, akapuliza tena.
Chumvi ya barabarani, baridi kumi na moja mfululizo,
imekiozesha chuma kwa chuma,
na ndoa hiyo haijui talaka ya maneno.

Gari jekundu, milango miwili, la baba yake,
Kazimierz, aliyeliendesha Jumapili tu
na kulisifu siku zote saba.

Akatia bolti mbili kwenye matundu yenye hesi,
akazikaza kwa zamu: robo, robo.
Mlio mmoja. Mwanya wa ukucha. Basi.

Akaingia garini apumzike,
kiwiko kikagonga breki ya mkono:
imesimama, imevutwa hadi juu,
kwa nguvu za mtu asiyeiamini
hata sakafu tambarare.
Oktoba ile. Aliegesha, akaenda ndani kunywa supu.

Halina hakuishusha mara moja.
Aliishika kwanza,
pale mpira ulipolika kwa gumba la mzee.
Kisha akabonyeza.

Huko nyuma, kushoto,
bila nyundo,
kitu kikaachia.