C Isiyo na H

Karani wa Mahakama ya Mwanzo ameshusha miwani:
"Dada, marehemu wako hapa ni watatu."
Cheti cha kifo: Respicius.
Hati ya kiwanja cha Mburahati: Resipisi.
Kadi ya kiwandani Urafiki, idara ya ufumaji,
imekunjika, ina duara la kikombe cha chai: Lispishasi.
"Tuambie yupi amekufa,
tujue unamrithi nani."

Nimekaa benchini, bahasha mapajani.
Jina jema hung'ara gizani, walinena waliotangulia;
hawakusema litang'araje
mbele ya dirisha namba nne.

Wa kwanza kulibeba, wanasema, aliuawa
enzi za kaisari fulani, nchi nisiyojua iko upande gani.
Kitabu cha watakatifu kimempa nusu mstari,
tena wa kuchangia na mwenzake,
kama wapangaji wawili wa chumba kimoja.
Nusu mstari huo ukavuka ziwa
ndani ya mfuko wa padre mwenye ndevu nyekundu,
ukashuka Kashozi, ukasubiri.

Tarehe kumi Novemba, msimu wa senene,
akaletwa mtoto. Padre akafungua kalenda,
akalikuta jina, akalimwagia maji.
Mama mtu akalionja: Lesipisi.
Akalitema. Akalionja tena.
Likakaa.

Huyo ni babu. Baba alirithishwa jina
pamoja na koti; vyote vilimbana mabegani.
Akaja navyo Dar mwaka wa sabini na moja,
na kopo la maziwa limejaa senene wa kukaanga
ambao, nasikia, waliisha Morogoro.

Fundi Mchina alimwita Lesi.
Watoto wa Mburahati walimwita Rais,
na mama ntilie wa kona akamkopesha wali maharage
kwa heshima ya cheo hicho.
Mama peke yake alilitamka lote,
taratibu, silabi kwa silabi,
siku alizokuwa amekasirika.

Mimi nililiandika.
Darasa la pili, mwalimu akasema:
c haitembei peke yake,
hushikana mkono na h, kama kipofu na kiongozi wake.
Nikanyoosha daftari, nikamwonyesha jina la baba.
Akalitazama.
"Hiyo," akasema, "ni yatima."

Matangani, padre wa parokia aliniegemea sikioni:
"Kilatini hicho, mwanangu. Kutazama nyuma."
Nikacheka. Waliokuwa wanalia wakanigeukia.
Wangejuaje?
Kila zamu ya alfajiri alifunga mlango,
akatembea hadi bomba la jirani,
akasimama, akageuka.
Hakuwa amesahau kitu.
Alitazama tu: bati, dirisha,
mimi niliyejifanya nimelala.
Ndipo akaenda kufuma khanga za watu.

Wakili yuko Kariakoo, juu ya duka la makava ya simu.
Anachapa kwa vidole viwili, anasoma kwa sauti:
*Mimi, Kemilembe, mtu mzima, Mkristo,
naapa na kutamka kwamba majina yote haya
ni ya mtu mmoja.*
Nikainua mkono wa kulia.
Alitaja matatu; mimi niliapa na ya pembeni:
yule wa koti, yule wa nusu mstari,
na mwenzake wa chumba kimoja, asije akaachwa nje.
Muhuri ukagonga meza.
Elfu ishirini, risiti hakuna.

Nimeteremka ngazi, nimevuka barabara,
nimepita muuza tangawizi na mafundi saa,
ndipo nikaifungua bahasha juani.
Mstari wa pili. *Respicus.*
I imedondoka.

Wanne sasa.

Nikasimama katikati ya watu na mikokoteni,
mmoja akanipigia mluzi nipishe njia.
Nikageuka.