Sogea, Kivuli Chako

Mimi ndiye niliyeibeba ile miguu mitatu ya kamera.
Kilo nne na robo, mgongoni, kutoka kijiji cha mwisho
hadi juu penye ngazi za mawe, kisha chini, bondeni Dzukou,
pamoja na sufuria, turubai, na sanduku la lenzi
ambalo bibie alinikataza kulilaza upande.

Jina lake Sharbani. Alitoka Kolkata
kwa treni, kwa basi, kwa gari la kukodi,
akifuata maua ya yungiyungi
ambayo huku hutoka majuma machache ya mvua, yakaondoka
kama mtu aliyechungulia mlangoni
akakuta wenyewe wanagombana.

Siku ya kwanza, ukungu.
Siku ya pili, ukungu na ruba.
Siku ya tatu, ile ya kumpa mgeni jembe,
nilimpa chumvi ya kubandulia ruba kifundoni.
Akacheka. "Vilelhou, kwenu jua huamka mwezi gani?"
Nikamwambia limeshaamka.
Limekaa nyuma ya kile kilima, linatusikiliza.

Vilima vyetu havina majabali ya kujionyesha.
Vimevaa mianzi mifupi, imebanana,
ukiitazama kwa mbali utasema ni majani ya ng'ombe,
utasema mtoto anaweza kuteleza juu yake hadi chini.
Haya, ingia. Inakufika kifuani. Inakuchana mikono.
Mjomba Neisatuo aliingia akimfuata mbuzi,
akatokea kesho yake upande wa Manipur,
bila mbuzi, bila kiatu kimoja,
na hadi leo ukimuuliza anaanza kuzungumzia bei ya mchele.

Hayo hayamo pichani.

Asubuhi ya tano akanigusa bega.
Ukungu ulikuwa umeshuka, umelala juu ya kijito
kama maziwa yaliyofurika yakakosa wa kuyapangusa.
Mwanga ukaja kwa ubavu, mwembamba,
ukagusa kilima kimoja, ukakiacha, ukagusa cha pili,
kama mtu sokoni anayebonyeza maparachichi
wala hana nia ya kununua.
Na maua chini, waridi hafifu,
yameinamisha vichwa kwa uzito wa maji.

"Sogea," akasema.
Nikasogea.
"Sogea tena. Kivuli chako."
Nikarudi kinyumenyume hadi kijito kikaingia viatuni,
baridi ya kung'oa meno,
nikasimama humo nimebana pumzi,
maana niliambiwa nisitikise maji.
Klik. Klik.
Kimya kirefu.
Klik.
Nikawaza: tangu nizaliwe sijapata kuwa mkubwa hivi,
mpaka milima mizima ingoje mimi nitoke.

Novemba posta ikaleta kalenda.
Julai ndiyo sisi: kijito, vilima saba
kimoja nyuma ya bega la kingine, maua.
Hakuna mtu. Pasafi,
kama Mungu amemaliza kazi dakika hii, ananawa mikono.
Mke wangu Kezevino akaitazama hadi chai ikapoa.
Kisha akaweka kidole pembeni, chini, kushoto,
penye mianzi mitatu iliyolala kinyume cha upepo.
"Hapa ulipiga goti."

Kweli. Nilipiga goti hapo
kuushikilia mguu mmoja wa kamera usizame topeni.
Nilikuwa nimesahau. Goti halijasahau.

Sasa ni Januari, kijito kimeganda,
ukikirushia jiwe kinalia kama sahani.
Kalenda iko ukutani juu ya jiko, inaanza kushika moshi,
imefunguliwa Julai, na Kezevino hataki igeuzwe.
Tarehe tunauliza kwa jirani.