Kishimo cha Mwisho

Al Khoud, Julai. Nje lami inalainika.
Humu nimezima taa zote,
kichupa nimekifunika kwa karatasi ya fedha
kama mwali asionwe kabla ya siku yake.

Kingamwili hii ilitoka katika damu ya sungura,
ikavishwa rangi, ikapanda ndege.
Inajua kitu kimoja tu duniani:
protini inayovizia virusi
ndani ya seli za pua ya ngamia.

Nikainamia darubini. Kijani!
Kijani cha jani la mgomba lililopigwa jua.
Nikataka kumwita Thuwaini, nikataka
kumpigia mama, aliyeniuliza jana,
"Kwani Raiya, huko unachungulia nini hasa?"

Kikabaki kishimo cha mwisho,
chenye seli tulizozinyang'anya protini ile.
Hicho kilipaswa kuwa giza.

Kijani vilevile.

Rangi ilikuwa imemshika kila aliyepita njiani.

Nikaandika daftarini: *Sijaona kitu.*
Nikavaa glavu mpya. Kuosha mara tatu,
dakika tano tano, bila haraka.

Mama, jibu lako hili hapa:
nachungulia giza,
mpaka liwe giza kweli.