Malango ya Chumvi

Dona Lindanor hakiegemei kiti changu.
Amekaa ukingoni, mkoba mapajani,
kama mtu aliyepita tu kusalimia.
Nje, mvua ya saa nane ya Belém,
isiyochelewa hata siku moja,
inapiga bati la kliniki.

Gego la chini, kushoto. Limeoza hadi shinani.
"Sindano hapana, daktari," anasema,
mwanamke anayeinua sufuria jikoni kwa mikono mitupu
tangu mimi sijazaliwa.

Nakausha ufizi kwanza. Hili wengi hawalijui:
mate ni mto, na dawa ukiipaka mtoni
itashuka na maji, ikaliganzishe koo bure.
Kwa hiyo pamba, kisha pamba nyingine,
kisha tone la jeli yenye ladha ya ndizi,
ndizi ambayo hakuna mgomba ungeikiri.

Tunasubiri dakika mbili.

"Inafanyaje kazi?" anauliza, kinywa wazi,
maneno yakitoka irabu tupu.
Namwambia: maumivu ni habari.
Jino hutuma mjumbe,
na mjumbe hukimbia juu ya uzi wa neva
akifungua vilango vidogo, kimoja baada ya kingine.
Kilango kikifunguka, chumvi huingia;
chumvi ikiingia, habari husogea.
Dawa hii haiponyi. Wala haimpigi mjumbe.
Inakwenda kukaa mlangoni, basi,
kama shemeji mnene aliyeziba ngazi,
na chumvi inabaki nje, kofia mkononi.

Anacheka, mate yakimtoka.
"Kumbe ni kazi yangu," anasema.
"Jambu."

Kweli. Miaka thelathini pembeni mwa kanisa
amewauzia watu midomo iliyokufa ganzi:
kibuyu cha mchuzi wa manjano wa muhogo,
uji wa wanga unaovutika kama kamasi,
kamba wakavu, na yale majani
yanayotekenya kwanza, nyuki walevi chini ya mdomo,
ndipo yanazima taa.
Dawa yangu haitekenyi.
Inazima bila kubisha hodi.

Lakini siwezi kumdanganya. Jeli ni ya juu juu.
Inashuka unene wa kucha mbili, tatu,
kisha inachoka. Kule chini, mfupani,
jino halijasikia kitu; bado linapiga mbiu.
Jeli kazi yake ni kuifichia sindano njia.

"Imeingia?" anauliza.
Imekwisha kutoka.

Baadaye nusu ya ulimi wake haipo.
Namwonya: usile, usinywe cha moto,
usijing'ate shavu, nenda kapumzike.
Ananitazama kama nimesema Kijapani.

Saa kumi na moja napita pembeni mwa kanisa.
Yupo. Pamba shavuni, mwiko mkononi.
Anapoza tone, anaonja, anakunja uso:
upande mmoja wa ulimi unasema ndiyo,
wa pili haujafika kazini.
Anaonja tena. Foleni inangoja.
Ndipo anamgeukia Jucilene,
binti wa kusuuza vibuyu, mwaka wa nne sasa,
ambaye hajawahi kuruhusiwa hata kulamba kidole.

"Onja."

Jucilene anaonja. Foleni nzima inasikiliza.
"Bado chumvi," anasema. "Kidogo."

Lindanor anatia kidogo,
kwa mkono wa mtu anayetia sahihi
karatasi asiyoisoma.

Nakunywa changu nimesimama.
Nyuki wanaamka, wanacheza, wanalala;
mdomo wangu unaniaga.
Na wakati huohuo Lindanor anajigusa kidevu:
"Inarudi," anasema, "kama sisimizi."
Anachovya kidole mchuzini. Analamba.
Nataka kumuuliza, lakini midomo hainitii.

Hasemi kitu.
Anamwachia Jucilene mwiko,
anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
na kulishika shavu kwa viganja viwili,
pale ambapo jino lisilokuwapo
limeanza kuuma.