Nyota Mbili

Chama kimenikabidhi shilingi elfu thelathini na nne,
zimekunjwa ndani ya leso, zanukia udi,
na neno moja: Spika. Ya harusi. Isitutie aibu.
Maana ile ya zamani ilitufia Mkomani
katikati ya kupamba, bibi harusi keshakaa kitini:
ikalia kama mbuzi, kisha kimya.

Usiku nakaa barazani na simu, chaji asilimia tisa.
Nyota tano. Nyota tano. Nyota tano.
"Imefika salama, boksi halikuchanika."
"Nzuri sana, bado sijaifungua."
Lo! Hawa wameisifu halua kwa ususi wa kikapu.
"Besi yatikisa madirisha," asema wa Eldoret.
Madirisha yake yana vioo; yetu ni mbao na upepo.
Mwengine katoa nyota moja
kwa kuwa mleta mzigo alimjibu kwa ukali.

Nashuka, nashuka, kidole chauma,
hadi kwa mtu ajiitaye Shekuwe wa Matondoni.
Nyota mbili. Maneno hayana nukta:

sauti ni safi sikatai
hata mtoto akisoma maulidi wasikia herufi kwa herufi
lakini sisi twakaa na chumvi
mwezi wa saba wavu ukaota kutu
mwezi wa tisa kitufe kikagoma
na betri wasemayo saa kumi ni saa nne na nusu nimehesabu
ukiwa bara nunua
ukiwa huku wacha

Nikaisoma mara tatu.
Simjui. Huenda tumepishana gatini, punda kati yetu.
Lakini sikio lake lavuta hewa moja na langu,
na kutu yake ni kutu yangu.

Asubuhi, dukani kwa Twalib, sikuuliza besi.
Nilipitisha ukucha kwenye wavu.
Nikachukua ile yenye sura mbaya, ya plastiki tupu,
nyota tatu na kitu, watu watano tu wameisema,
mmoja wao analalamika rangi.
Bi Mwanamkuu akaizunguka, mikono kiunoni:
"Tumekutuma spika, umetuletea ndoo?"

Ijumaa ndoo iliimba mpaka saa saba za usiku.
Bi Mwanamkuu alicheza, hakusema kitu.
Leo simu yaniuliza: Umeridhika? Tupe nyota.
Nimeifunika kifudifudi.
Nasubiri mwezi wa saba.