Shahidi, Sikumuuliza Jina

Kifafa changu sijakiona hata siku moja.
Nakijua kwa kusimuliwa,
kama harusi niliyoifikia wali umeshaliwa
na majamvi yanakunjwa.

Kilicho changu ni mwanzo tu:
harufu ya ndimu iliyoungua, pasipo ndimu wala moto,
kisha kidole gumba cha kushoto kinatikisika
kama kinamwita mtu.
Halafu sakafu.
Halafu nyuso za watu zimebadilika,
leso imeloa, ulimi una ladha ya sarafu,
na siku imekatwa kipande.

Basi mimi hukusanya ushahidi.
Bi Mwanakombo wa chini asema nilipiga ukelele wa mbuzi,
akafunga dirisha, akawafungia watoto ndani:
"Povu lile msilikanyage, litawaingia."
Muuza kahawa wa Kibokoni asema alininusisha kiatu,
tena cha ngozi, na kikafanya kazi.
Ingefanya kazi hata kofia, hata barua ya deni;
kifafa huondoka kikishamaliza.
Shangazi Tima asema si mimi niliyenguruma, ni wenyewe,
nao wataka ubani na kuku mwekundu.

Baba, mara ya kwanza, alinitia kijiko.
Nilikuwa na miaka tisa. Aliogopa nitaumeza ulimi,
akakibana kijiko cha uji baina ya meno
mpaka likakatika moja la mbele.
Ulimi haumezeki.
Hilo alikuja kuambiwa Makadara,
na daktari kijana, mbele ya foleni nzima,
naye akaviangalia viatu vyake njia yote hadi nyumbani.

Baba alikuwa fundi saa.
Kibanda chake upana wa mlango,
yeye, stuli, na saa za watu zisizokubaliana.
Tangu siku ile hakunigusa kinywa tena.
Nikianguka, alisukuma stuli pembeni,
akanitia shuka chini ya kichwa,
mtikisiko ukipoa akanigeuza ubavu, mate yapate njia,
na muda wote huo jicho lake kwenye mshale.
Usiku aliandika daftarini, hati ya kubana:
*Jumanne, baada ya adhuhuri. Dakika mbili na robo.
Amelala sana. Jana hakumeza dawa, amenificha.*

Wengine waliniambia nilivyotisha.
Baba aliniambia muda.

Daktari alilifungua daftari lile kama hati ya shamba.
Akasema: ndani ya kichwa ni kama kwa muuza mahamri alfajiri,
kila mmoja husema kwa zamu yake;
siku zamu ikivunjika, wote hupaza sauti pamoja,
na mahamri hayauziki.
Nikacheka. Sikuwahi kukicheka kabla.
Kombe la zafarani pia nililinywa, silitukani,
nikasukumia kidonge, asubuhi na usiku.
Baba akasema dua haina wivu.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu tumzike.
Juzi nilianguka Likoni, kwenye foleni ya feri.
Vidonge vilikuwa vimekwisha siku mbili, mshahara haujatoka,
nikajidanganya siku mbili si kitu.
Nilipofumbua macho, chini ya kichwa changu palikuwa na mkoba wa shule,
na kando yangu mvulana wa sare, amekaa kitako kwenye saruji,
amewatawanya watazamaji,
mkononi simu inayohesabu.
"Dakika tatu kasoro," akasema.
"Ingefika tano ningeita gari la wagonjwa.
Baadaye ukalala. Feri mbili zimekwenda, nimekungoja."
Nikamuuliza nani kamfundisha.
"Mdogo wangu yuko kama wewe,"
akasema, kama asemaye mdogo wangu ana mashoto.

Saa ya baba naivaa mimi, kioo kina ufa.
Dukani, kwa kila mfanyakazi mgeni, huinyoosha mkono:
ukiniona chini, usinishike ulimi. Shika hii.

Usiku ule nililitoa daftari, nikaandika kwa hati yangu pana:
*Jumatatu, Likoni. Dakika tatu kasoro.
Shahidi: sikumuuliza jina.*