Kanyaga, Shikilia

Jeki inazama mchangani, kwa hiyo nimeitandikia mbuzi,
mbuzi ya nazi, ile ya mninga iliyokuja na mahari.
Imekuna nazi za harusi moja na hitima mbili.
Leo inabeba Pijo.

Makorora, saa moja asubuhi. Nimejifunga kibwebwe.
Spana ya kumi na saba, msasa, kopo la majarini,
tambazo lililokuwa shati la marehemu.
Miaka kumi na tisa nilimshikia Singano tochi:
"Mulika hapa. Siyo hapo. Hapa!"
Alidhani namulika tu.

Ngoma ya mbele imegoma kutoka.
Kutu ya chumvi imeishona na ekseli.
Nimeibembeleza kwa mafuta ya taa,
nikaipa muda wa uji kuchemka,
kisha mchi, ndu! ndu! kuzunguka ukingo,
hata jirani akatoa kichwa dirishani:
"Mnatwanga nini leo?"
Natwanga breki, Mama Chambega.

Imetoka. Vumbi jeusi mpaka puani.
Ndani, viatu viwili vya chuma
vimeicheza ngoma hiyo tangu sijui lini,
soli zimekwisha, vinacheza pekupeku.
Ndiyo maana siku ile tukimrudisha kutoka Bombo
gari lililia kabla yetu.

Fundi Mhina, barabara ya kumi na mbili,
ameviwamba ukanda mpya, ribiti za shaba.
Mkopo.
Springi ya kwanza ikaniponyoka,
ikaruka juu ya banda la kuku.
Aliyeirudisha ni Mwantumu.

Sikumwita.
Amesimama uani kwangu, mara ya kwanza tangu tutoke eda,
springi mkononi, nyasi za banda kwenye ushungi.
Sisi hatugombani, watu wakiuliza.
Tuna ukuta tu.
Yeye nyumba ya mbele, mimi ya nyuma, Pijo katikati,
halina mwenyewe kwa kuwa lina wenyewe wawili.

Akachutama gurudumu la kushoto. Mimi nikabaki kulia.
Springi ya chini akaitanguliza, ya juu akaivuta na bisibisi,
ulimi kaubana pembeni ya mdomo,
vilevile kama yeye.
Kumbe naye alishika tochi.
Zamu zake.

Ila upepo hautolewi na mtu mmoja.
Mmoja awe ndani na mguu, mwingine chini na spana,
na unaanza na gurudumu lililo mbali zaidi.
Mpira tulioutumia ni wa dripu. Kautoa yeye, kwenye mkoba,
umekunjwa vizuri, umefungwa uzi.
Sikumuuliza kwa nini aliuweka.

"Kanyaga."
Nikakanyaga.
"Shikilia."
Nikashikilia.
Pedali ikazama polepole chini ya unyayo wangu.
Povu.
"Achia."
Povu tena, na mafuta meusi kama kahawa ya matangani.
"Kanyaga, nimesema. Siyo kugusa!"
Nimekanyaga, bibi wee.
"Shikilia."

Mara arobaini, labda zaidi.
Sijapata kuzungumza na mwanamke yule maneno mengi hivyo,
na yote matatu.
Kopo likajaa. Kisha mguu ukakuta kitu,
kigumu, kimesimama,
hakirudi nyuma.

Tukapanda wote. Tukaufuata uchochoro kuelekea reli,
gia ya kwanza, ya pili,
na jogoo wa Mama Chambega, asiye na adabu, akakatiza.
Nikakanyaga.

Limesimama.
Limesimama, lakini pua imegeukia kushoto,
karibu kuubusu ukuta wa msikiti.

Kimya kidogo.
"La kwako halijakamata," akasema.
"La kwako limekaza mno," nikasema.
Jogoo akapita bila haraka.

Nikatia rivasi.
Mbuzi iko palepale mchangani, ina kovu la jeki mgongoni,
inatungoja.
Leo wali, kwake na kwangu, hauna nazi.